Nenda Ukakohoe

Miaka kumi na mmoja nimempeleka mama kanisani
saa kumi na robo, majogoo wangali kimya,
na miaka kumi na mmoja nimebaki garini,
hita ikinguruma, kioo kikitoka jasho,
nikingoja amalize kuongea na asiyejibu.
Nilimwambia hivyo, mara moja, kwa sauti.
Mama alifunga mkanda. Akasema: "Washa gari."

Huku Tongyeong Januari haina haya.
Bahari hufuka mvuke kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Ibada ikiisha mama huenda moja kwa moja bandani kwa chaza,
husimama juu ya zege lenye maji, kisu kifupi mkononi,
afungue ganda, atoe nyama, atupe ganda,
afungue ganda,
na midomo yake haitulii.
Wenzake hudhani anahesabu kilo.

Kisha Jumanne ile, barafu kwenye ngazi za kanisa.
Nyonga.
Wodini, ganzi bado inamlegeza ulimi,
hakuuliza habari za mguu.
Aliuliza, "Kesho nani atakaa pangu?"
Nikasema, Mungu ataona pako patupu, ataelewa.
"Mungu ataelewa. Shemasi Malsun je?
Macho yake yamekwisha. Hunijua kwa kikohozi.
Nenda ukakohoe."

Nikaenda. Si imani iliyonipeleka;
kuna mambo mtu huyafanya
kwa sababu mama yake amelala chali na hawezi kugeuka.
Safu ya tatu, karibu na nguzo,
mto wa sakafuni uliobonyea mashimo mawili:
magoti yake. Yangu yakaingia humo bila kupima.
Mchungaji akasoma aya mbili, taa zikazimwa,
na wote wakaomba kwa mpigo, kila mtu lake,
kama mnada wa samaki boti zinapofika:
deni la benki, ini la mume,
mtihani wa mjukuu, mwana aliye jeshini mpakani,
jirani aliyehama bila kuaga.
Nilidhani maombi ni kitu safi.
Haya yalinuka vitunguu saumu na nguo za kazi.

Sikuwa na la kusema. Nikakohoa.
Mkono ukanishika goti gizani, mkavu kama ganda.
"Umechelewa, Bunrye," akanong'ona shemasi Malsun,
"nimeshaanza na binti yako."

Akaendelea alipoishia.
Jina langu, Migyeong, lilikuwa pale
baada ya bei ya chaza, kabla ya mgongo wa Malsun mwenyewe,
limetamkwa kwa uzoefu, kama namba ya simu ya nyumbani.
Jina langu, na betri ya gari langu:
Baba, isimfie kwenye baridi,
maana tangu ile talaka mtoto huyu
hana mtu wa kumsukumia gari.

Miaka kumi na mmoja. Betri.
Nimeibadilisha mara mbili, kwa fedha zangu, risiti ninazo.
Nilitaka kumwambia hivyo yule mwanamke.
Koo likakataa.

Sitasema kwamba niliamini.
Nilitoka, nikavuka barafu kwa hatua za bata.
Gari lilikuwa baridi tupu. Kwa mara ya kwanza
hakukuwa na mtu ndani akingoja.
Nikageuza ufunguo. Likasita.
Likakohoa, mara mbili,
likawaka.

Hospitali, mama alikuwa macho, uji haujaguswa.
"Malsun alisemaje?"
"Kwamba umechelewa."
Akacheka mpaka mshono ukamuuma,
akashika ukingo wa kitanda, akacheka tena kidogo, kwa hila.
Nikamlisha uji. Vijiko vitano hatukusema neno.
Cha sita akakizuia na mkono.

"Kesho," akasema, "vaa soksi nzito.
Sakafu ile hupanda hadi kifuani."