Makabidhiano

Kwa utakayepangiwa Zahanati ya Kwemkole, wilaya ya Handeni:
jina lako silijui bado, kwa hiyo nafasi yako nimeiacha wazi
pale chini, kwenye nukta nukta, palipoandikwa ALIYEPOKEA.

Ufunguo mkubwa ni wa dirisha la dawa.
Mdogo ni wa chumba cha uzazi: unauzungusha kinyume,
kisha unausukuma mlango kwa nyonga
kama mtu aliyejaza mikono.
Friji la chanjo linatumia gesi. Moto ukianza kufifia
mpigie Seguni wa bodaboda kabla hujapiga wilayani.
Seguni hupokea.

Mizani ya watoto inaongopa, inazidisha gramu mia mbili.
Punguza kichwani kabla hujaandika kwenye kadi,
hata kama mama ametembea tangu alfajiri
kuja kusikia kwamba mwanawe ameongezeka.

Ikama iliyobandikwa ukutani inataka watu kumi na watano.
Tupo mimi, na Zaituni Mnkande anayefagia,
aliyejifunza kushika tochi bila kutetemeka
na kujua, kwa mlio wa hatua kwenye kokoto,
kama inayokuja ni homa au ni uchungu.
Wale kumi na watatu ni karatasi.
Karatasi haizalishi.

Usidhani hawakuletwa.
Aliletwa kijana wa Bukoba, mpole, na pasi yake ya umeme.
Akauliza soketi iko wapi. Alikaa siku tisa.
Akaja Redempta, binti wa Songea.
Mikono kama ile sijaiona tena: sindano anadunga,
mtoto anaendelea kucheka.
Nyumba ya mtumishi haikuwa na mlango wa nyuma,
alitundika khanga.
Usiku mmoja khanga ikasogea, na upepo haukuwepo.
Asubuhi hakuniaga.
Wapo wanaosema vijana wa leo hawana wito.
Wito!
Wito hauna komeo.

Sasa mlango upo. Kijiji kilichanga mahindi, debe kwa debe,
fundi Semhando akaupachika, mninga mtupu, makomeo mawili.
Maji bado. Mwenyekiti aliahidi bomba mkutanoni
na mkewe alikuwa palepale akisikia,
kwa hiyo tusikate tamaa.

Daftari la uzazi, ukurasa wa themanini na nne.
Usiuruke.
Usiku ule wa Machi walikuja wawili kwa pamoja,
Mwanamvua wa hapa mtaani, na Nashipai, kutoka boma la mbali.
Mikono ninayo miwili,
na mwanamke anayezaa anaitaka yote.
Nilimshika aliyekuwa anavuja damu.
Zaituni aliniita kutoka kitanda cha pili.
Aliniita tena.
Mara ya tatu hakuita, alikuja akasimama mlangoni.
Mstari wa Nashipai utauona: uzito upo, saa ipo,
pa kilio pana kistari.
Mwaka uliofuata alirudi kujifungua hapahapa,
akaniletea maziwa kwenye kibuyu,
na mimi nikashindwa kuyanywa mbele yake.

Sikuandikii haya ili uogope.
Nakuandikia ili usije peke yako.
Wakikupa barua ya kupangiwa, ishike, usiikunje,
uliza, "Mwenzangu ni nani?"
Wakikwambia atafuata, kaa kwenye benchi.
Nenda na maji ya kunywa, benchi lile nalijua.
Mimi sikuuliza. Nilikuwa na miaka ishirini na sita
na nilidhani uvumilivu ni dawa.
Ni ganzi tu.

Leo Ijumaa nastaafu. Basi la Korogwe linapita saa nane,
begi langu liko barazani, viatu vya safari nimeshavaa.
Nimeweka sahihi kwenye ALIYEKABIDHI:
Eliwaza Mbwambo, muuguzi mkunga.

Saa saba na robo. Kokoto zinalia.
Zaituni ameinua kichwa kutoka kwenye ndoo,
ananitazama viatu.

Naenda kunawa.
Kalamu naiacha hapa juu ya karatasi,
haina kifuniko.