Safu ya Saba

Profesa Nakijwa alirudi tena mwezi wa saba
na wanafunzi kumi na mmoja wa huko anakofundisha,
shingo zimeiva kwa jua kama nyanya za Ilula.
Mwaka jana walipaka rangi ukuta wa shule,
bluu nzuri; mvua za Aprili zikaubandua.
Mwaka huu akasema: hatupaki kitu. Tunahesabu.

Kikundi chetu kipo Tandale, kwa Mtogole:
wanawake ishirini na sita, sanduku moja, kufuli tatu,
funguo tatu kwenye viuno vitatu visivyoelewana.
Mwenye ufunguo wa pili hatusalimiani tangu Ramadhani,
ndiyo maana hela ipo salama.
Daftari ninalo mimi, Siwema.

Kijana mmoja, Tobiasi, mrefu, mwenye aibu,
alikaa siku nne juu ya ndoo iliyopinduliwa
akiuhamishia mwandiko wangu kwenye kompyuta:
jina, hisa, mkopo, riba, faini, salio.
Siku ya tano akanyanyua uso.
Kwa Kiswahili chake cha darasani akasema,
"Samahani, mama. Kuna pesa zimepotea.
Laki tatu na themanini na tano, kwa miaka miwili."

Zimepotea.
Neno lilikatiza uani kama panya mchana.
Mama Chausiku akaacha kumenya vitunguu.
Nimeuza maandazi miaka kumi na minane,
sijaitwa mwizi hata siku moja,
wala kwa sauti ya upole namna ile.

Profesa hakunitetea. Hilo nalisema wazi.
Alivua viatu, akaketi mkekani, akavaa miwani,
akafungua ukurasa wa kwanza.
Pembeni, nje ya mstari, nukta ya wino mwekundu.
"Hii nini?"
Mtoto wa Tabu. Homa, Mwananyamala, saa nane usiku.
"Na hii?"
Sanda.
"Hii?"
Sanda nyingine. Wiki ileile.
"Hii hapa?"
Zuhura alikimbia kipigo. Nauli mpaka Kilosa.
"Ikarudi?"
Nauli, au Zuhura?
Hakucheka. "Nani aliidhinisha?"
Sote, kwa macho.
"Kwa nini hukuandika?"
Nikamtazama, mtu na elimu yake yote.
Kikiandikwa, kinadaiwa.

Kukawa kimya kidogo. Redio ya jirani ikatangaza bei ya mafuta.
Akawaita wanafunzi wake, akasema nao kwa lugha yao.
Alichora kwa kijiti mchangani mistari miwili inayopishana,
akaitazama, akaifuta kwa unyayo.
Mmoja alikuwa analia, sijui kwa nini; labda vitunguu.
Kisha akanigeukia, sauti imeshuka:
"Nimeandika makala kumi na nne juu ya vikundi kama hiki.
Nukta hizi nilikuwa naziita makosa ya mwandishi."
Nikamwambia, pole.
Sikujua kingine cha kumwambia.

Tobiasi akataka tuongeze safu ya saba.
Sawa, tuiite nini? Hapo ndipo tulipogombana mpaka adhuhuri.
Msaada? Chausiku akakataa, sisi si ombaomba.
Sadaka? Basi Mungu atatulipa, siyo Zuhura.
Mwenye ufunguo wa pili akafungua kinywa,
mara ya kwanza kwangu tangu Ramadhani:
"Iacheni bila jina."
Ikaachwa. Kichwa cheupe, nukta chini yake.
Kompyuta, wanasema, ilikuwa inalalamika.

Siku ya kuaga Profesa aliomba anunue hisa, hata moja.
Tukamkatalia. Kanuni ya nne:
mwanachama awepo kila Jumamosi, jua, mvua.
Akaitoa karatasi yake, akaiandika kanuni ya nne
polepole, kama mtoto anayeadhibiwa.

Walipokwisha kuondoka nikakunja mkeka.
Chini yake kulikuwa na kalamu nyekundu, mpya,
na noti nne za elfu kumi zimeizunguka kwa raba.
Amesahau, au hakusahau.
Nimetia nukta moja pembeni.
Sijaandika kitu.