Nguzo C4

Tulikuwa wanne na meza moja,
ghorofa ya tatu, chuoni Tudor,
chini ya feni iliyozunguka kwa huruma tu.
Nyevu alipewa hewa, Mutinda umeme,
Faizi maji, yaingiayo na yatokayo.
Mimi nikapewa mzigo:
chochote kisichotakiwa kuanguka ni changu.

Zahanati ya Mtongwe, wodi ya wazazi,
vitanda kumi na viwili, leba mbili.
"Mna muhula mzima," alisema Mwalimu Achola,
"na msiniletee majengo manne."

Tukampelekea majengo manne.

Nyevu ataka dari ipande, joto lipate pa kukimbilia.
Dari ikipanda nguzo zangu zarefuka,
nondo zaongezeka, bei yanicheka.
Faizi naye kapitisha bomba la maji machafu
tumboni mwa boriti yangu, bila hodi.
Nikamwambia, boriti si ukuta wa makuti
utoboe upite.
Akasema, basi wazazi watumie ndoo.
Siku mbili hatukusemezana.
Mutinda ndiye aliyepeleka salamu,
pamoja na urefu wa nyaya.

Nyumbani kwa bibi yangu, Kibokoni,
upana wa chumba ni urefu wa boriti ya mkoko.
Mti uliposema basi, ukuta ukasimama papo.
Mimi nina zege na kompyuta,
sina mti wa kuniambia basi.

Alhamisi tukavuka feri,
michoro ndani ya bomba la plastiki la Faizi.
Muuguzi Mejumaa akautandaza juu ya kitanda cha kuzalia,
akaubana pembe kwa chupa za spiriti.
Hakuuliza uzito wala upepo.
Aliweka kidole mlangoni, akakitembeza:
"Huyu kaletwa na bodaboda, saa nane za usiku.
Kashikwa na wifi yake. Wanaingia.
Maji yameshavunjika. Wanakata kushoto…"
Kidole kikafika C4, kikasimama.
"Machela itapinda vipi hapa?"

Nikasema nguzo ile yabeba tani thelathini na nane.
"Huyu anabeba mmoja," akasema,
"na hana pa kumtua."

Faizi huisoma C4 "si nne",
kisha hucheka peke yake.
Usiku ule hakucheka.
Tuliisogeza sentimita sabini na tano,
na jengo zima likaamka kulalamika:
boriti ikanenepa, taa za Mutinda zikahama,
dirisha la Nyevu likapoteza robo yake.
Nyevu alilia kidogo, akasema ni usingizi.
Bomba likapita chini ya boriti, kwa hodi.
Saa kumi na moja alfajiri, mahamri ya jana,
chai ya kopo moja.

"Nguzo zote zimo mstarini," alisema Mwalimu Achola,
"hii mbona imetoka kama jino?"
Tukajibu wanne kwa mpigo: "Machela!"
Akaandika kitu. Hatukukiona.
Alama zilikuja, si mbaya, si za kutangaza.

Ila sijasema la Mtongwe, tulipokuwa tunaaga.
"Mtaanza lini kujenga?" aliuliza Mejumaa.
Tukatazama viatu vyetu.
Hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa ni mtihani.
Mutinda akajikohoza: "Bado iko kwenye karatasi."
"Karatasi," alisema, akaikunja mara nne,
akaitia kabatini, juu ya daftari la vizazi.

Sasa nafanya kazi Nyali,
napiga hesabu za mabwawa ya kuogelea.
Mchoro alio nao Mejumaa ni ule wa kwanza,
nguzo yangu ikiwa katikati ya njia.
Uliosahihishwa ninao mimi,
ndani ya bomba la Faizi, nyuma ya mlango.

Na feri, kwa mwenda kwa miguu, ni bure.