Kigeu Huru

Safu ya kwanza: koti la kijivu na tai.
Ya pili: kanzu, kofia ya viua.
Ya tatu: ovaroli yenye grisi kifuani
(grisi ya kweli, tuliipaka kwa kijiko).
Ya nne niliiandika kwa penseli, nikaifuta,
nikaiandika tena: nguo zake mwenyewe.

Uso ni mmoja, wa Sadoki Mhando,
mnoa visu wa Makongo,
tuliyemwahidi elfu thelathini na chakula cha mchana.
Ukuta ni mmoja, shuka jeupe la bweni.
Saa ni moja, nne asubuhi,
kabla jua halijaingia dirishani likapendelea upande.
Asitabasamu. Asinune.
Namwambia: toa pumzi, kisha baki hapohapo.

Halafu swali, moja tu, kwa namba moja hadi saba:
Je, ungemwachia mtu huyu simu yako
uende dukani urudi?

Sikumwambia Daktari Kokubelwa
kwamba koti lile, pale Karume, nililichagua kwa rangi.
Kijivu hichohicho kiliwahi kuketi sebuleni kwetu Tabata,
kikanywa chai, kikakataa sukari kwa adabu,
kikakunjua ramani ya viwanja vya Bunju
juu ya kitambaa cha meza alichokidarizi mama,
na mama akahesabu milioni mbili na laki nane,
akilamba kidole kila baada ya noti kumi.
"Mtu aliyevaa vile..." alisema baadaye.
Hakumaliza.
Mpaka leo kitambaa kile anakitandika kichwa chini.

Daktari alisoma utangulizi wangu,
akapiga mstari mwekundu chini ya neno matapeli:
"Hasira si nadharia tete. Andika upya."
Nikaandika upya. Mavazi: kigeu huru.
Uaminifu unaodhaniwa: kigeu tegemezi.
Nikacheka peke yangu maktaba.
Kigeu!
Kana kwamba aliyelitunga neno
naye aliwahi kuuziwa kiwanja hewa.

Jaribio la awali tulilifanyia Mwenge, nyuma ya stendi.
Bi Zamda, muuza mihogo ya kukaanga,
alifuta mafuta kwenye kanga, akazipokea picha,
akazipanga kama karata mkononi.
"Mbona huyu ni mmoja?"
(Kila mshiriki aone picha moja tu. Nikaandika.)
"Na mbona viatu hamkumbadilisha?"

Nikainama.
Chini ya kanzu, chini ya suruali iliyopigwa pasi,
chini ya ovaroli, raba zilezile;
ya kulia imelika ubavu,
mguu unaokanyaga pedeli ya jiwe kutwa.
"Nyie mnawaangalia watu wakija," alisema,
akigeuza muhogo.
"Mimi wanaonikopa nawaangalia wakiondoka.
Huyu atarudi."
Nikamuuliza: yupi, wa koti au wa kanzu?
"Nimesema huyu."
Sikujua nimjazie namba gani.

Jioni Sadoki alilirudisha koti, amelikunja
vizuri kuliko nilivyomkabidhi,
akavaa shati lake la vifungo visivyofanana.
"Dada, simu yangu imezima.
Naomba niwaambie nyumbani nachelewa."

Mkono wangu ulitangulia.
Kabla sijafikiri lolote ulishafika kwenye zipu ya mkoba,
ukaivuta ikafunga,
kisha ukasubiri amri.
Sekunde moja. Labda mbili. Mimi ninayepima
nilisahau kupima.

Nikafungua, nikampa.

Alizungumza Kisambaa, taratibu, akacheka kidogo,
na muda wote huo alisimama pale ninapomwona,
uso kwangu, mkono wa pili wazi pembeni,
bila kuambiwa,
kama mtu aliyekwisha kushiriki utafiti huu
mara nyingi sana.