Hesabu ya Bauma

Kwenye ukuta wa kinu cha Majengo
Kasereka huandika magoli kwa makaa:
Mbusa kumi na moja. Bauma moja.
"Namba haina shemeji," anasema.

Mimi nachonga chukudu; nabishana huku napiga randa.
Gunia la viazi likifika Birere, husifiwa nani?
Anayeteremka nayo, upepo kifuani,
au aliyeisukuma mlimani alfajiri, jasho likimwingia machoni?

Bauma hukimbia pasipo mpira.
Mabeki wawili humfuata kama deni;
nyuma yao uwanja unafunguka
na Mbusa anapita, hata hodi hapigi.

"Basi mlango niuandike wapi?" Kasereka anacheka.
Kwa kweli, sikuwa na jibu.

Jumapili Bauma alilala na homa.
Mbusa akautafuta mpira juu ya mawe meusi
kama mtu aliyeangusha funguo usiku.
Sifuri.
Sifuri na Katindo, tena nyumbani!

Jioni Kasereka alipita na kipande chake cha makaa.
Chini ya jina la Bauma
akachora mstari, si goli, si namba.
Nikamwuliza ni nini.
"Sijui bado," akasema. "Usiufute."