Shubiri Moja

Jumamosi, saa moja kasorobo, kijiji kimelala
isipokuwa tanuri la mwokaji na sisi kumi na mmoja
mbele ya kanisa, mguu mmoja chini,
tukipuliza vidole. Februari ya Flandria.
Chumvi ya barabarani imeshakula mnyororo wangu wa pili.

Annelore anahesabu vichwa kama mwalimu wa chekechea.
Kilomita tisini, anasema, na leo sitaki ushujaa.
Tunacheka, maana ushujaa
huanza kila mara kwenye daraja la mfereji.

Sheria ni chache. Wa mbele anakula upepo.
Zamu yake ikiisha hasemi neno,
anatikisa kiwiko, anapisha, anateleza nyuma
mpaka apate mgongo wa kumsitiri.
Shimo huonyeshwa kwa kidole. Gari hupigiwa kelele.
Tairi la mmoja likipasuka tunasimama wote,
hata Diederik, anayechukia kusimama,
anayetazama saa yake kama mpangaji mwenye deni.

Miezi minne nimeusoma mgongo wa Veerle.
Naujua uzi uliofumuka kwenye mfuko wa kushoto,
kovu kwenye shavu la mguu,
pumzi zake za mlimani: tatu fupi, moja ndefu.
Na najua jambo ambalo pengine mwenyewe halijui:
akianza kuishiwa, bega la kulia hushuka,
kidogo tu, upana wa kidole.

Kati ya tairi lake na langu ni shubiri moja.
Upepo wa ubavuni unavuka mashamba ya vitunguu,
unatupanga mshazari, kila mtu begani pa mwenzake,
na mimi ndani ya shubiri hiyo
sioni barabara. Namwona yeye,
naye ananionea.

Ndiye aliyenifunza barabara ya mawe,
ile ya nyuma ya kinu, ambako meno hugongana
na chupa huruka mtaroni.
Usiubane usukani, alisema.
Ushike kama unavyomshika mtoto mkono sokoni:
asiumie, asipotee.

Kesho ni mashindano.
Tambi zimeiva kupita kiasi. Miguu nimeinyoa, nimejikata gotini.
Namba yangu, arobaini na saba, iko mezani kama barua
ambayo sijaamua kuifungua.
Msimu mzima tumekula upepo;
usiku huu naupima kwa geji,
naujaza kwenye tairi pumzi kwa pumzi,
napunguza kidogo kwa ajili ya mawe,
naongeza, napunguza tena.

Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo zetu ni sare: bluu, mstari wa njano,
jina la duka la rangi la shemeji yake Annelore.

Saa mbili usiku Veerle akabisha. Anaazima pini.
Akakaa jikoni, akazungumzia paka wake,
jino la paka wake, bei ya kung'oa jino la paka.
Mashindano hakuyagusa.
Mlangoni akageuka:
Kile kilima cha mwisho. Ukiona, nenda.
Nikiona nini?
Akaligusa bega lake la kulia,
kama mtu anayepangusa vumbi.

Nikakosa la kusema. Akacheka.
Unadhani wewe tu ndiye unayesoma?
Mimi sina macho kisogoni, nina masikio.
Ukichoka unaacha kubadilisha gia.
Unabaki na ile ile nzito, unang'ang'ana nayo,
kimya, kama mtu aliyenuna.
Mimi mbele nasikia, napunguza mwendo.
Kesho sipunguzi.

Akaenda na pini nne. Kwenye kopo zimebaki tatu.

Nimeshuka gereji. Nimeining'iniza baiskeli,
nazungusha pedali kwa mkono
na kubadilisha gia, hii, ile, hii,
tik, tik,
nisikie ninavyosikika
nikiwa bado sijachoka.