Sarafu Tatu Puani

Mwili wake ni bomba la karatasi ya jikoni,
lile la kati linalobaki karatasi ikiisha.
Mapezi matatu ya mti mwepesi kuliko biskuti;
Ilmari ameyapiga msasa mpaka vidole vikawa vyeupe.
Ameyafanya madogo. Anasema yanapendeza hivyo.
Sikumbishia. Mtoto wa kaka yako,
akishafika miaka kumi na miwili,
hubishiwa na upepo, si na shangazi.

Tukailaza juu ya ukingo wa rula, mezani,
kati ya maziwa na gundi iliyomwagika.
Ikainama kulia, ikainama kushoto, ikatulia.
Hapo nikatia alama nyekundu:
hapa ndipo uzito wake unapokaa.
Kisha tukachora umbo lake kwenye boksi la viatu,
tukalikata, tukalipima juu ya rula ileile.
Umbo likatulia mahali pengine.
Hapa ndipo upepo utakapoishika.
Alama ya bluu.

Na sheria, nikamwambia, haina siri wala huruma:
uzito utangulie, upepo ufuate,
na kati yao uwepo upana wa mwili mmoja.
Yetu ya bluu ilikuwa mbele ya nyekundu
kwa kiasi cha ukucha.
"Ukucha tu," akasema Ilmari.
Ukucha tu.

Nje, nyuzi kumi na moja chini ya sifuri,
ziwa limefumba mdomo tangu Desemba.
Kipimo cha mwisho hakitaki rula:
funga uzi penye nyekundu,
zungusha juu ya kichwa kama kombeo,
utazame kama pua inatangulia.
Ilmari ni mfupi; roketi ikaburuzika thelujini.
Basi ikabidi mimi,
mimi ambaye daktari wa Kuopio ameniandikia
kwamba sikio langu la ndani limesahau chini ni wapi,
mimi ninayeshika ukuta nikienda kuchemsha kahawa.

Nikafumba macho. Nikazungusha.
"Inakwenda kinyumenyume!" akapiga kelele.
"Shangazi, mkia umetangulia! Sasa inabingirika!
Sasa..." na sanduku la barua likalia ngoo.

Mama yangu, Hilja, aliyekuwa dirishani,
mwenye maoni juu ya kila jambo,
akatoka na soksi za sufu na kopo la jemu
lililojaa marka, sarafu za kabla ya yuro.
"Tatu," akasema. "Mbili hazitoshi."
Hajapata kusoma kitabu cha roketi.
Miaka arobaini alifuma mazulia;
anajua kitu kinavyovuta upande.
Tukazigandisha puani kwa nta ya mshumaa.
Pesa isiyonunua tena hata kiberiti
ikanunua unyofu.
Nyekundu ikasogea mbele,
ikaipita bluu, ikaendelea,
ikasimama upana wa mwili mmoja na kidogo.

Nikazungusha tena. Safari hii uzi uliimba sauti moja.
Sikuona kitu. Nilisikia Ilmari amenyamaza,
na kimya cha mtoto yule ni habari njema.
Kisha nikaanguka chali,
dunia ikiendelea kuzunguka bila uzi,
theluji ikiniingia shingoni,
na Hilja akicheka kwa adabu, mkono mdomoni.

Jumapili, katikati ya ziwa:
waya, betri, hatua thelathini nyuma.
Tano, nne. Mbwa wa jirani alibweka tatu.
Siwezi kuinua uso; nikiinua, mbingu humwagika.
Kwa hiyo roketi ile niliitazama kwa kidevu cha Ilmari:
kikapanda, kikapanda, hakikuyumba,
kikaelemea kidogo upande unakotoka upepo,
kikapanda tena,
mpaka nikaiona, chini ya taya yake,
gundi aliyosahau kunawa.